Sabufa Iliyotoka Majini

Sabufa ilikuwa juu ya meza ya kazi, haijaunganishwa waya hata mmoja, ilipovuta pumzi.

Fundi Duara aliiona kwa macho yake, saa nne asubuhi, jua limejaa mlangoni. Koni nyeusi ilizama ndani taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, ikakaa huko kitambo, kisha ikarudi mahali pake. Aliichukua, akaigeuza, akaangalia nyaya mbili za nyuma zilizokuwa zinaning'inia bure. Akajiambia ni joto, joto huvimbisha mpira. Na kwa kuwa hakuipenda spika ile tangu ilipoingia dukani, moyoni alifurahi kuikuta na kasoro.

Hakuipenda kwa sababu ilikuwa ya mraba. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifunga muziki kwenye magari, na miaka yote hiyo alizitetea sabufa za duara kwa bidii mpaka mafundi wenzake wakambandika jina hilo, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu. Mteja mwingine angekuja na kitu cha mraba, Duara angemwelekeza duka la jirani. Lakini huyu hakuwa mteja mwingine. Alikuwa baba mkwe wake.

Mzee alikuwa ameendesha mashine ya kusaga kokoto kwa miaka thelathini, na mashine ile ndiyo iliyomla masikio. Sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa, la kushoto lilisikia ukipiga kelele karibu yake. Jambo hili lilimkera Duara kuliko alivyoweza kumwambia mkewe. Mkwe husemeshwa kwa sauti ya chini, macho yakiangalia pembeni, ila ukimsemesha mzee yule kwa sauti ya chini umesema na ukuta. Basi ilimbidi ampigie baba mkwe wake makelele mbele ya mtaa mzima, tena kwa maneno ya adabu, shikamoo inayosikika mpaka kwa wachomeleaji wa jirani.

Tangu afiwe na mke, mwaka uliopita, mzee alikuwa na hamu moja tu. Alitaka muziki kwenye kigari chake. Si wa kusikia, maana hilo alishalikatia tamaa, bali wa kuhisi mgongoni anapoendesha. Akaenda mwenyewe kwenye yadi ya magari mabovu, akarudi na sabufa ya mraba ya inchi kumi na mbili iliyofungwa kwenye gunia. Duara alimpigia simu muuzaji wa yadi kuuliza ilitoka kwenye gari la namna gani. Muuzaji akajibu kwa mkato kwamba hiyo imetoka majini, gari lenyewe halikuwa na mkwaruzo, na asimsumbue tena. Duara akaona hapo amepata hoja. Spika iliyolowa si spika.

Mzee hakutaka kusikia. Akadai zishindanishwe, yake na ya duara.

Duara akafanya haki. Alitengeneza maboksi mawili ya mbao yenye ukubwa mmoja, akaweka ya mraba katika moja na ya duara ya inchi zilezile katika jingine, akayaingiza kwenye buti kwa zamu, wimbo mmoja, amplifaya moja. Akamweleza mzee sikioni, akitumia sahani na kigae cha sakafu, kwamba ukiweka sahani juu ya kigae pembe nne zinabaki wazi. Ya mraba inazitumia pembe hizo, ndiyo maana katika boksi lilelile inasukuma hewa zaidi. Lakini koni ya duara inakwenda na kurudi sawasawa kila upande, na sauti yake ni safi. Ya mraba pembe zake zinajikunja, mpira unachoka kwenye kona, besi inakuja na mikwaruzo.

"Usafi utanisaidia nini mimi, mwanangu?" mzee akamuuliza. "Hii ya kwako inanipapasa. Ile inanisukuma."

Hapo ndipo ubishi ulipoishia. Duara akafunga ya mraba, akaziba boksi kwa gundi na skrubu kumi na sita, na usiku ule akamwambia mkewe kuwa baba yake amemshinda na anaomba Mungu kitu kile kiungue.

Siku mbili baadaye mzee alirudi, lakini si kulalamika. Alikuja kushukuru. Alisema kazi ni nzuri mno, kwa maana inapiga hata akizima redio.

Kitu kinachopiga bila kuambiwa kipige kina hitilafu, na hitilafu ya umeme inaweza kuchoma gari na mwenye gari. Duara akamwomba mzee akae kwenye benchi. Akapima kila waya kwa mita, akakaza kila kiungo, akabadili fyuzi. Hakuona kitu. Siku ya tatu mzee akapita tena kusema bado inapiga vizuri tu. Duara akaibadilisha amplifaya nzima. Mzee akarudi na tabasamu lilelile. Duara akatoa fyuzi kabisa, bila kumwambia, akamwacha aondoke. Kesho yake mzee alisimamisha gari mlangoni, akamwonyesha dole gumba kupitia dirishani, akaenda zake.

Kwa wiki nzima Duara hakufanya kazi nyingine ya maana. Wateja walimsubiri wakachoka. Alikuwa akila amenuna, akioga amenuna, akimjibu mkewe kwa mguno. Jirani mchomeleaji akamtania kwamba mraba umemtoa jasho duara, na Duara, ambaye kwa kawaida angecheka, akamwambia maneno ambayo kesho yake alikwenda kuyaombea radhi.

Mwisho akakata waya. Mzee alikuwa ameliacha gari dukani akaenda kunyoa nywele. Ilikuwa saa sita mchana, mtaa mzima unagonga na kusaga. Duara alikata waya wa sabufa pale unapoingia kwenye boksi, akazifunga ncha zote kwa utepe, akakaa kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango na kuegemea, ili siku moja tu ajiridhishe kwamba tatizo lilikuwa kichwani kwa mzee.

Kwanza ilikuja harufu, ya tope lililokaa muda mrefu bila kuona jua. Halafu kelele za mtaa zikafifia, nyundo za wachomeleaji zikawa mbali kama ziko ng'ambo ya bonde, na nyuma yake, ndani ya buti ambalo alijua kwa mikono yake mwenyewe kwamba halina umeme wala chochote cha kuleta umeme, kitu kikajigeuza kama anavyojigeuza mtu aliyelala kitandani padogo, kioo cha mbele kikaingia ukungu kutoka ndani ingawa nje jua lilikuwa linachoma, na baridi ikapenya kwenye kitambaa cha kiti, ikapanda uti wa mgongo mfupa kwa mfupa, ikasimama katikati ya mabega yake, ikangoja, na ndipo kikagonga. Mara moja. Kikanyamaza, kama kinachosikiliza. Kisha, kwa sauti ambayo haikupitia masikioni bali kifuani, kikasema, "Wewe siye."

Duara hakukumbuka alivyotoka. Alijikuta amesimama barabarani, bisibisi mkononi, mchomeleaji akimuuliza kama ameunguzwa na umeme. Akasema ndiyo.

Mkewe hakumwamini. Alimsikiliza mpaka mwisho akikunja nguo, kisha akamwambia wazi kwamba kazi imemshinda na sasa anatafuta pa kuitupia. Ila kwa kuwa ni baba yake, kesho yake alipanda gari la mzee akakaa kiti cha nyuma, wakaenda sokoni na kurudi. Alivyorudi alikaa jikoni bila kufungua mifuko. Duara alimkuta analia.

Akamweleza jambo ambalo miaka yote ya ndoa yao halikuwahi kutajwa. Mama yake alikuwa na mguu usiokunjika, kwa hiyo siku zote alikaa nyuma na kuunyoosha. Na kwa kuwa mumewe hasikii, alimwelekeza kwa kugonga mgongo wa kiti. Mara moja, kata kulia. Mara mbili, kata kushoto. Walitembea hivyo miaka kumi na moja, bila kugombana hata siku moja. Sasa mzee anaendeshwa vilevile. Anagongwa mara moja anakata kulia, anagongwa mara mbili anakata kushoto, na anacheka peke yake.

"Ni mama," mkewe akasema. "Na mimi nilimhisi. Usiiguse tena hiyo spika."

Duara aliona usoni kwa mkewe kitu ambacho hakuwa amekiona tangu msiba. Akajilaumu kwa kila tusi alilolitukana lile boksi. Angekubali yaishie hapo. Lakini mkewe hakuwa amemaliza. Alipangusa uso kwa kanga, akasema kuna kitu kimoja hakukielewa. Karibu na nyumbani, kwenye mteremko, iligonga mara tatu. Mama hakuwa na tatu.

Wakaenda kwa mzee jioni ileile. Walimkuta barazani anapangusa taa za gari. Binti yake akampigia magoti, akaweka mdomo kwenye sikio la kushoto, akamuuliza tatu maana yake nini.

Mzee aliangalia kitambaa alichoshika.

"Tatu ni mpya," akasema. "Ameanza juzi. Tatu, nifumbe macho."

"Na wewe unafumba?"

"Kidogo tu. Akigonga tena nafumbua."

Duara akanyoosha mkono na kuomba ufunguo wa gari. Aliuomba kwa adabu zote, akiita baba mara nne katika sentensi moja. Mzee akautia mfukoni. Akamwambia, kwa ile sauti kubwa ya watu wasioisikia sauti yao wenyewe, kwamba anajua kinachomuuma. Spika yake ya duara ilishindwa, na mwanamume mzima ameshindwa kuvumilia. Majirani walikuwa wanasikiliza. Duara aliondoka na hasira iliyomfanya akosee njia ya nyumbani kwake mwenyewe.

Aliyetafuta msaada ni mkewe. Mtaa wa pili kulikuwa na mama mmoja mshona nguo, mwanamke mfupi, mwenye pini zimechomekwa kifuani muda wote, ambaye watu walimwendea kwa magauni na, kwa sauti ya chini, kwa mambo mengine. Mama huyo aliwasikiliza bila kusimamisha cherehani. Alipofika Duara kwenye maneno ya muuzaji, kwamba spika ilitoka majini, mguu wa yule mama ukaacha kukanyaga.

"Majini yapi?" akauliza.

Duara akafungua mdomo kusema maji, ya kuogelea, ya kuzama. Ndipo akalisikia neno lile upya.

"Mimi sina uwezo wa kumtoa aliyekaribishwa," yule mama akaendelea. "Naweza kumzuia asijifiche. Wa kumwambia ashuke ni mwenye gari."

Walimdanganya mzee. Walimwambia mama mshona nguo ana marobota mazito ya kufuata duka la vitambaa na hana usafiri. Mzee hakuwa mtu wa kumnyima mwanamke msaada. Saa tatu asubuhi walipanda wote, mzee kwenye usukani, Duara kando yake, binti nyuma ya baba yake, na mshona nguo nyuma ya Duara, na mkoba wake mapajani. Duka la vitambaa lilikuwa kushoto baada ya daraja. Walipofika darajani, Duara akasikia mgongo wa kiti cha mzee ukigongwa mara moja, na mzee akakata kulia.

Kulia hakukuwa na duka wala nyumba. Ilikuwa barabara ya machimbo ya kokoto, yale yale alikofanya kazi mzee, yaliyofungwa zamani. Shimo lake lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na hakuna aliyejua kina chake. Duara akamgeukia mzee, akapiga kelele kwamba wamepotea njia, akapiga tena, lakini mzee aliangalia mbele na uso uliotulia kama wa mtu anayepelekwa nyumbani.

Harufu ya tope ikajaa. Mshona nguo alifungua mkoba, akatoa kitambaa chenye mafundo, akageuka na kukibandika kwa kiganja kwenye mgongo wa kiti, upande wa buti, na akaanza kusoma kwa sauti ndogo isiyoyumba, na jinsi alivyosoma ndivyo gari lilivyozidi kuwa zito nyuma, matairi yakisaga kokoto, pua ya gari ikiinuka kama mashua iliyopakiwa vibaya, na kutoka kwenye boksi lisilo na waya, lililozibwa kwa gundi na skrubu kumi na sita, ikaja besi iliyotetemesha meno yao na vioo na kokoto za barabarani, chini kabisa, chini ya pale ambapo spika yoyote aliyoijua Duara inaweza kufika, na ndani ya besi hiyo mlikuwa na maneno, yakisemwa polepole na kitu kisicho na haraka, yakisema nafasi ipo, nafasi ipo, wote mtatosha.

Kisha ikagonga mara tatu, na Duara akaona macho ya baba mkwe wake yakifumba.

Alishika usukani. Ulikuwa mgumu kama umechomelewa. Alijaribu kuung'oa mguu wa mzee kwenye pedali ya mafuta, haukung'oka. Ukingo wa shimo ulionekana sasa, mstari wa majani makavu na baada yake hewa tupu. Mkewe, nyuma, hakupiga kelele. Alipitisha mkono kati ya kiti na mlango, akauweka wazi kwenye bega la baba yake, juu ya shati, kiganja chote, akaukandamiza na kuuacha hapo.

Mzee akashtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akafumbua macho. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Gari lilikwenda upande, likasimama hatua tatu kutoka ukingoni. Vumbi likawapita na kushukia shimoni. Nyuma yao kile kitu kilikuwa kinagonga bado, tatu, tatu, tatu, kwa hasira, mpaka kiti cha mzee kikawa kinarukaruka.

"Mwambie ashuke," mshona nguo akasema, midomo imekauka.

Duara akainama kwenye sikio la kushoto. Akamwambia. Mzee alishika usukani akiangalia maji, na kwa muda mrefu ilionekana kama hakusikia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta.

"Nimekufikisha," akasema mwishowe. "Shuka."

Kugonga kukakoma. Buti likafunguka lenyewe, na nyuma ya gari ikainuka vidole vinne, kama inavyoinuka anaposhuka mtu mzito. Kokoto zikalia chini ya uzito wa kitu wasichokiona, hatua moja, nyingine, zikapita kando ya dirisha la Duara, taratibu, zikateremka ukingoni. Walingoja kusikia maji yakirushwa. Hayakurushwa.

Siku hiyohiyo Duara alilitoa boksi. Gundi ilikuwa nzima, skrubu zote kumi na sita zimekaza, lakini alipolifungua lilimwaga ndoo nzima ya maji ya tope kwenye sakafu yake. Akaivunja spika kwa nyundo, na hakuona raha yoyote aliyotegemea kuiona. Mshona nguo akakataa kuchukua mabaki yake, akamwambia ayazike mbali na nyumba za watu.

Mzee hakuja kwa wiki mbili. Duara alitumia siku hizo kupanga maneno. Alikuwa na mengi, tangu lile la barazani mbele ya majirani mpaka mke wake kukaribia kuzama, na aliyapanga kwa ukali na kwa heshima, akiyarudia peke yake anapofunga skrubu.

Mzee alipokuja, alikuja kwa miguu. Akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Duara alichukua sabufa ya duara rafuni, mpya, akamwonyesha kwa ishara kuwa atamfungia, bure. Mzee akatikisa kichwa. Aliisogeza spika pembeni kwa mkono, si kwa dharau.

"Nilijua si yeye," akasema. Alisema kwa sauti ya chini, ambayo Duara hakuwahi kuisikia kwake. "Siku ya pili tu nilijua. Marehemu alikuwa na mkono mwepesi, anagonga kama anayeomba radhi. Yule aligonga kama mwenye nyumba."

Maneno yote aliyoyapanga Duara yalimjaa mdomoni kwa pamoja. Lililotoka ni moja.

"Sasa kwa nini, baba?"

Hakuwa amelipigia kelele. Mzee alilisoma kwenye midomo yake, akaangalia mtaa, magari yaliyopanga foleni ya kufungwa muziki, wachomeleaji na cheche zao.

"Nikiwasha gari," akasema, "nyuma kulikuwa na mtu."